Kipimo cha mchanganyiko wa petroli na hewa: uzoefu wangu wa miezi minane kwenye Starlet

Mwaka jana niliondoa kompyuta ya awali ya kuongoza injini ya Toyota Starlet yangu, yenye injini ya 4E-FE ya sentimita za ujazo 1,331, nikaweka Speeduino, kompyuta ya chanzo huria inayotumia bodi ya Arduino Mega na ambayo mwenye gari huipanga mwenyewe kwa kompyuta mpakato. Pamoja nayo nilinunua kipimo cha mchanganyiko chenye uso wa duara wa milimita 52 na sensa ya Bosch LSU 4.9. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari haikunitosha, kwa kuwa inachoweza kueleza kwa uhakika ni kwamba mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7, yaani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Umekwenda mbali kiasi gani, haisemi.

Kipimo chenyewe ni kizuri, na nitaeleza kwa nini. Hata hivyo kwa wiki sita nililaumu jedwali la mafuta (visanduku vinavyoiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani kwa kila kiwango cha mizunguko na shinikizo), nozeli na pampu, ilhali kosa lilikuwa kwenye waya mmoja mweusi wa kipimo hiki, ambao kijitabu chake kinaagiza tu kwamba ufungwe popote kwenye bodi ya gari.

Dalili zilikuwa hivi. Mchana niliendesha barabara ya Arusha kwenda Usa River huku programu ya TunerStudio ikirekebisha jedwali, na kufikia jioni kila kisanduku nilichopita kilikuwa kimetulia. Usiku huohuo, kwenye mizunguko ileile 2,500 kwa dakika na shinikizo lilelile la kilopaskali 45 ndani ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, jedwali lilidai mafuta zaidi kwa karibu asilimia 5, gari likaanza kunuka petroli, na kesho yake mchana likadai yapunguzwe kwa kiasi kilekile. Nilibadilisha filta, nikasafisha nozeli zote nne, nikapima presha ya petroli, ikasimama kwenye bar 3 bila kutikisika. Fundi alishauri tununue pampu mpya, lakini presha iliyotulia namna ile haikunipa sababu ya kuibadilisha.

Jibu lilipatikana uani jioni moja. Nilikuwa nimeinama kwenye boneti, taa zimewashwa, na mpwa wangu ameketi ndani akinisomea namba. Akasema, "Mjomba, kipimo kinasoma 13.9, lakini kompyuta inasema 14.7." Nilimwomba arudie, kisha azime taa na feni. Tofauti ikapungua hapohapo hadi chini ya 0.2. Mimi siku zote nilikuwa nikiangalia grafu za kompyuta peke yake, kwa kuwa ndizo zenye kumbukumbu.

Kipimo hiki hupeleka taarifa kwenye kompyuta kwa volti, ambapo 0 ni mchanganyiko wa 10 na volti 5 ni mchanganyiko wa 20, kwa hiyo kila sehemu ya kumi ya volti ni sawa na 0.2 kwenye mchanganyiko. Waya wake wa hasi, ambao mafundi huuita ethi, niliufunga chini ya dashibodi, wakati kompyuta ilikuwa na hasi yake kwenye kichwa cha injini. Niliweka ncha moja ya mita ya umeme kwenye kila hasi: vifaa vikiwa vimezimwa ilisoma volti 0.09, na taa na feni zikiwaka ilipanda hadi 0.42. Umeme wa taa ulikuwa ukirudi kwenye betri kupitia bodi ya gari na kipande cha waya kilichoota kutu, ukiinyanyua hasi ya kipimo, na kompyuta ikaona mafuta kidogo mahali ambapo yalikuwa mengi. Nilihamisha waya mweusi hadi kwenye bolti ileile ya kompyuta, nikabadilisha na kile kipande chenye kutu, tofauti ikabaki volti 0.01, na tangu siku hiyo namba mbili zinakwenda pamoja.

Baada ya hapo ndipo kipimo kilipoanza kunilipa. Nilizima marekebisho ya oksijeni kwenye kompyuta, jambo la lazima kabla ya kutafuta kosa lolote kwa sababu marekebisho hayo huficha ugonjwa, nikaliacha gari kwenye silensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, likiwa na joto kamili. Nilipowasha taa na feni, volti za betri zilishuka kutoka 14.1 hadi 12.5, na mchanganyiko ukapanda kutoka 14.6 hadi 15.7. Nozeli hukawia zaidi kufunguka umeme unapopungua, na kwenye silensa, ambapo hufunguliwa kwa takribani milisekunde 2 tu, kosa la sehemu ya kumi ya milisekunde linatosha kuharibu hesabu. Niliongeza muda wa fidia kwenye volti 12 kidogokidogo, na sasa feni ikiwaka namba haitikisiki.

Wanaotaka kukinunua wakague kwanza gasketi za bomba la moshi, kwa kuwa tundu dogo kabla ya sensa huvuta hewa ya nje na kuonyesha mafuta kidogo yasiyo ya kweli. Misi, yaani silinda kushindwa kuwasha mchanganyiko wake, nayo hufanya vivyo hivyo, maana hewa isiyoungua huifikia sensa ikiwa na oksijeni yake yote.

Safari ya Tanga ndiyo iliyonithibitishia thamani yake. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni kama kilopaskali 86, kwa hiyo hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho, visanduku vya kilopaskali 90 na 100 havikuwahi kuguswa. Karibu na Segera, njiani kwenda Tanga na chini zaidi ya Arusha, nikipita lori mlimani, kipimo kilisoma 13.9 badala ya 12.8 niliyoilenga, nikaondoa mguu mara moja. Tuliegesha pembeni, nikaongeza asilimia 8 kwenye safu mbili za juu, na mlima uliofuata ulisoma 12.9.

Sensa ina miezi minane sasa na bado inajibu haraka. Ningenunua kipimo hiki tena, na waya mweusi ningeufunga kwenye injini siku ya kwanza.