Uzoefu wangu na alamu za wizi: kelele kila mtu anaijua, niulizeni kinachotokea ikishanyamaza

Habari zenu wadau, mi niko Nzuguni hapa Dodoma na ndani ya miaka miwili nimetumia alamu za nyumbani za aina mbili, ya kwanza iliniangusha vibaya, ya pili niko nayo mpaka leo. Majina ya maduka na mafundi sitaji, nisije nikaitwa kuelezea.

Ya kwanza niliinunua mjini laki mbili na sabini. Ni zile za boksi jeupe unaloweka laini ya simu, ndani unakuta sensa moja ya mwendo, sumaku mbili za mlangoni, rimoti mbili na king'ora kidogo cha waya. Fundi alikuja Jumamosi, saa moja na nusu kazi imeisha, akabonyeza rimoti akapita mbele ya sensa, weee, huo mlio mpaka kuku wa jirani wakakimbilia barabarani, sisi tunacheka tunapiga makofi, nikalipa. Sikuuliza swali hata moja kuhusu dakika ya nne. Kumbe ile kitu ilikuwa imesetiwa ipige kelele dakika 3 tu.

Shida ilianza mapema sema sikuielewa. Mnaoishi huku mnaujua upepo wa Dodoma, hasa miezi ya sita mpaka wa nane. Sensa ilifungwa sebuleni ikitazama dirisha la magharibi, jua la jioni linapiga pazia mpaka linapata moto, nikitoka nimesahau kufunga dirisha basi upepo unalipeperusha pazia na alamu inalia. Baadaye ndo nikaelezwa kwamba sensa hizi hazimwoni mtu kama kamera inavyomwona, zenyewe zinahisi joto linalosogea mbele yao, kwa hiyo pazia la moto likicheza nalo kwao ni mgeni. Mjusi akitembea juu ya kioo chake, mgeni pia. Wiki tatu majirani wanatoka na tochi wanakuta pazia. Wiki ya nne hawatoki tena, na siwalaumu.

Mwezi wa nane tukapata msiba Morogoro, tukapanda SGR familia nzima, mama mkwe yuko kwao Mpwapwa, nyumba tukaiachia alamu. Saa nane na dakika kumi usiku simu ya baba watoto ikaita, maana yeye ndo fundi alimweka namba ya kwanza. Mtu katoka kubeba maturubai mchana kutwa, akapokea usingizini, halo, halo, anasikia mvumo tu na kelele ya mbali, akakata akijua ni wale matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Akageukia upande wa pili akalala.

Sasa sikilizeni hapa. Lile boksi linapiga namba kwa zamu, asipopokea wa kwanza linaenda kwa wa pili, ila mtu akipokea tu, hata kama kapokea usingizini, lenyewe linajua ujumbe umefika, halimpigii mwingine. Namba ya pili ilikuwa yangu, simu iko chini ya mto wangu na chaji imejaa. Namba ya tatu ilikuwa ya mama jirani, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu. Hakuna aliyepigiwa.

Mama jirani anasema king'ora alikisikia, na siku hiyo kwa vile alijua hatupo akamwamsha mumewe watoke. Wakatafuta tochi, mara kandambili, mara funguo ya geti, kufika nje kimya. Wakaambizana "aah, wameshazima", wakarudi ndani. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? King'ora kikikatika ghafla unajua mwenye nyumba kabonyeza rimoti. Kumbe dakika 3 zimeisha, mlango wa jikoni umevunjwa uko wazi, jamaa wametulia nyuma ya ukuta wanasubiri watu warudi kulala.

Wakaingia. Na boksi halikusema kitu. Hiki kilinisumbua kichwa sana mpaka fundi mwingine aliponielewesha, kwamba zile sumaku za bei rahisi zisizo na waya zinatuma taarifa mara moja tu, mlango unapofunguka. Baada ya hapo mlango ubaki wazi mpaka asubuhi boksi halijui, kwake habari imeisha. Kuacha kazi halikuacha, dakika 3 zilipoisha likarudi kwenye ulinzi lenyewe, sema jikoni hamna sensa ya mwendo, iko sebuleni, na wale wezi sebuleni hawakufika, walikomba jikoni na stoo tu: mtungi mkubwa wa gesi, bleda, gunia la mchele ambalo hata halijafunguliwa, na baiskeli ya mtoto. Tumerudi kesho yake jioni tunakuta boksi ukutani linawaka kataa kake kekundu kama kawaida, linalinda sebule, halina dalili yoyote kwamba jana kuna kitu kilitokea. Ushahidi pekee ulikuwa meseji moja ya Kiingereza kwenye simu ya baba watoto, inasema zoni namba 2 (zoni ndo sehemu inayolindwa, kila mlango au sensa na namba yake), na meseji yenyewe hata hakuwa ameifungua. Tukaenda polisi kuchukua RB, basi.

Nyota 1. Na hiyo moja ni ya wale kuku.

Ya pili ni ya waya, boksi la chuma limefichwa stoo, ndani kuna betri ya volti 12 saizi ile ya kwenye UPS ya kompyuta, kuna kibao cha namba mlangoni, na king'ora cha nje chenye taa ya bluu. Pamoja na ufundi ilinitoka laki nane na nusu, nusu yake niliipata kwenye kikoba. Safari hii nikamwambia fundi silipi mpaka tuilize na tukae tuone inafanya nini mpaka mwisho. Kijana wa watu alijua natania. Nikaenda kuwaambia majirani kwamba leo kutakuwa na kelele msishtuke, nikachemsha chai, tukatoa viti nje tukakaa.

Mlango mkubwa ukifungua inakupa sekunde 30 za kuweka namba ya siri, inalia kidogokidogo tu pale kwenye kibao. Jikoni haina huruma, ukifungua tu mlango king'ora kinalia hapohapo. King'ora tumekiweka dakika 5. Nilitaka nusu saa kwa hasira niliyokuwa nayo, fundi akanikatalia, akasema utachukiwa na mtaa mzima na betri itaisha, na kweli shemeji yangu aliyeko Uingereza aliniambia kule king'ora cha nje kinatakiwa kijizime ndani ya dakika 20.

Ila kikishanyamaza, na hapa ndo pesa yangu ilipo, ile taa ya bluu haizimi. Inaendelea kuwakawaka mpaka mtu aje na namba ya siri. Hata ukirudi baada ya siku mbili bado inawaka, unaijua habari ukiwa getini kabla hujashika kitasa. Na ukiikuta hivyo usijitie ushujaa wa kuingia, huwezi kujua kama mtu ametoka au yumo. Ukishaweka namba, kibao kinakwambia ni zoni ipi iliamsha na ipi ilifuata, yaani unaona jamaa alipitia wapi.

Mlango ukiachwa wazi hii ya waya inajua, na ukitaka kuiwasha upya inagoma mpaka ufunge. Lakini kuna kitu ilibidi tubishane. King'ora kikiisha na mlango bado uko wazi, mlango huohuo hauwezi kuamsha tena, mpaka ufungwe kisha ufunguliwe. Nikamwambia sasa si yaleyale! Akasema hapana mama, ndo maana nyuma ya mlango unaweka sensa nyingine, akaongeza moja koridoni inayotazama jikoni, elfu thelathini na tano nikatoa. Halafu zoni moja ikilia mara 3 kabla hujaizima, inanyamazishwa yenyewe, zoni nyingine zinaendelea kulinda. Nilikasirika kidogo, ila nikakumbuka pazia. Bila hiyo hesabu pazia lingeliza mtaa usiku kucha. Tukaiacha 3, sensa ya sebuleni tukaihamishia ukuta ambao hautazami dirisha.

Simu nayo tofauti. Ukipokea lazima ubonyeze namba kukubali, usipobonyeza inaenda kwa mwingine. Namba ya kwanza sasa ni mama jirani, baba watoto nimemshusha ya tatu na amekubali mwenyewe bila maneno. Halafu laini ya kwenye boksi iwekeeni vocha jamani, mi ilinitokea mwezi wa kumi, tunajaribu king'ora kinalia vizuri simu haziiti, kumbe salio sifuri.

Umeme tukaukata kwenye swichi kubwa, ikalia vilevile. Waya wa king'ora tukauchomoa, ndo kwanza kikalia zaidi, kina betri yake ndani. Nilichoona kinapungua ni sensa za mwendo kwenye joto la Oktoba na Novemba, mchana ule ambao ukuta wenyewe una joto karibu sawa na mtu, inabidi upite mara mbili ndo ikuone. Usiku inarudi vizuri.

Sasa mtihani wenyewe. Tulikuwa Singida kwenye harusi, saa tisa usiku mtu akaruka ukuta akasukuma mlango wa jikoni. Simu ikaenda kwa mama jirani, akabonyeza, akampigia mjumbe, vijana wa ulinzi shirikishi wakafika king'ora kimeshanyamaza. Zamani hapo ndo wangerudi kulala. Mama jirani akawaambia, "Kimenyamaza ndiyo, ila kile kitaa bado kinakonyeza, hakijamaliza kusema." Wakakaa getini na filimbi zao, wakapiga 112, hakuna aliyeingia mpaka polisi walipofika. Mlango ulikuwa umefunguka, mtu hayupo, hakuna kilichotoka. Kibao kikaonyesha jikoni tu, koridoni hakufika.

Nyota 4. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu umeme ukikatika kibao kinalia tii, tii, kila baada ya muda mpaka umeme urudi, na fundi amekuja mara mbili kukizima hajaweza. Mama mkwe sasaivi anakaa kwetu, amekifunika na khanga, anasema kinamhesabia.