Vyandarua vya msaada: usiangalie rangi, soma lebo

Vyandarua vya bure vinavyotolewa kliniki, shuleni na kwenye kampeni za kaya kwa kaya Tanzania, vingi vikiwa vimenunuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria na za Marekani, hudhaniwa kuwa ni kitu kimoja. Si kweli. Dawa zake zinatofautiana, na pengo ni kubwa.

Chandarua cha Olyset ya kawaida, ambacho kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kukitengeneza 2003, ina permethrini asilimia 2 ndani ya uzi wenyewe wa plastiki. Uzi ni mgumu, na dawa haiishi kwa kufuliwa mara moja mbili. Kasoro ni kwamba mbu wa Kanda ya Ziwa wamejenga usugu dhidi ya familia hiyo ya dawa.

Olyset Plus imeongezewa kemikali iitwayo PBO. Hiyo haiui mbu, bali inazima vimeng'enya anavyotumia kuivunja permethrini. Iling'ara kwenye jaribio la wilaya ya Muleba, Kagera, na mwaka 2017 WHO ikakubali vyandarua vya aina hiyo. Kwenye jaribio la wilaya ya Misungwi, Mwanza, haikudumu hivyo: nafuu yake ilionekana mwaka wa kwanza, kisha ikafifia.

Aliyeshinda Misungwi ni Interceptor G2, yenye klorfenapiri juu ya dawa ya familia ya permethrini. Miaka miwili baada ya kugawa, watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 kwenye vyandarua vya kawaida, 40.7 kwenye Olyset Plus na 25.6 kwenye G2. WHO ilikipendekeza Machi 2023.

Na bado hiki ndicho rahisi kulalamikiwa kwamba "hakina dawa". Klorfenapiri haimwangushi mbu papo hapo. Ni mwili wake mwenyewe unaoigeuza kuwa sumu, hivyo anaweza kuruka zake na kufa hata siku ya tatu. Kumwona akitambaa juu ya wavu si dalili ya ubovu. Ubovu wake uko kwingine: poliesta ni laini na hunasa kwenye misumari ya kitanda. Miaka mitatu ambayo chandarua hutajwa kudumu ni ya kitanda kilichopigwa msasa. Tundu lishone siku hiyohiyo.

Kabla ya kulalia, kianike kivulini saa 24, maana dawa mpya huwasha ngozi na macho. Jua usilitumie, linaua dawa. Fua kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila jiki. Vimepimwa kwa kufuliwa mara 20: ukifua kila baada ya miezi miwili unafika miaka mitatu, ukifua kila wiki mara hizo 20 zimekwisha ndani ya miezi mitano. Maji ya kufulia yasifike ziwani wala kwenye bwawa, ni sumu kwa samaki.

Umbo la pembe nne linataka kamba nne, na fundo likilegea wavu humlalia mtu. Mkono ukigusa wavu, mbu huuma kupitia tundu. Chomeka pindo chini ya godoro au mkeka pande zote.

Aina utakayopewa inategemea mkoa wako na kampeni ya mwaka huo; huchagui. Ukijikuta na viwili tofauti, G2 kiende kitanda cha watoto. Cha zamani usikitupe mpaka kipya kiwe kimeshafungwa.