TAHADHARI: Ile "odisheni" ya wazee Malindi ni wizi mtupu

Jamani, yule wa kapelo na kamera, aliyekodi kile chumba cha juu akidai anapima waigizaji wa sinema ya Vasco da Gama, ameyoyoma na pesa za wazee wetu. Mnamjua. Nusu yenu mlimwamkia. Shilingi 7,500 kila mmoja: 1,500 ya fomu, 3,500 ya picha, 2,500 eti "bima ya seti". Wazee saba wamekubali kusema, na majina yao hayatatajwa hapa kwa sababu wengine hata nyumbani hawajathubutu kueleza.

Na msiwacheke. Uongo ulikuwa umekaa mahali pake. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, mfalme akampokea, na hapa ndipo alipompata rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo yake ile pale, watalii wanapiga picha kila siku. Sinema ya kisa hicho itataka watu wa baraza la mfalme: ndevu nyeupe, kanzu, uso uliochomwa na jua la bahari. Na Malindi ilivyojaa Waitaliano, ukiambiwa prodyuza yuko Roma utashangaa nini? "Miaka 60 kwenda juu, uzoefu hauhitajiki." Kwa mtu aliyezoea kuambiwa kazi ni za vijana, hiyo ilikuwa halua.

Wote saba wanasimulia mamoja. Mzee anaingia peke yake, anasimamishwa juu ya alama ya utepe mweupe sakafuni. Pangaboi linalia kwekwe, kwekwe. Anapewa karatasi yenye mstari mmoja: "Karibu mgeni, upepo umekuleta salama." Anausoma mara moja tu. "Dairekta" anashika kichwa, anakaa kimya, kisha makofi: "Mzee wangu, ulikuwa wapi miaka yote hii?" Hapo hapo msaidizi ana kalamu mkononi. Nambari ya kitambulisho, sahihi, kitambulisho kinapigwa picha mbele na nyuma. Simu inatoka mfukoni. Ile "Hakikisha" ya M-Pesa, inayoonyesha jina la anayetumiwa, inaleta jina la mwanamke fulani, kampuni haipo. "Huyo ni mhasibu wetu." PIN. Kwisha. Hata dakika 10 hazikufika.

Mungu amlaani. Mtu anayemsifu mzee wa watu ili amwibie akalime gereza la Shimo la Tewa mpaka naye aote hizo ndevu nyeupe.

Pangaboi pekee lingetosha kumuumbua: hakuna anayerekodi sauti ya mtu chini ya kelele ile. Na waya wa maikrofoni, wallahi, ulining'inia tu, haukuchomekwa popote. Odisheni ya kweli unatumiwa kurasa mbili tatu za skripti mapema. Ukifika unaitazama kamera, unasema jina na unakotoka, unageuka kushoto na kulia wakuone ubavuni. Ndipo unaigiza, na kando ya kamera yuko mtu wa kukusomea maneno ya mhusika wa pili, maana kuigiza ni kujibizana. Ukimaliza hupigiwi makofi. Unaambiwa rudia, sasa kwa hasira, sasa polepole, wapime kama unaongozeka. Hapo ndipo wageni wa kazi hii hukwama: hurudia vilevile, au hupaza sauti kama wako jukwaani ilhali maikrofoni iko hatua moja. Kisha unakwenda zako nyumbani, na mara nyingi jibu haliji kabisa.

Pesa haitoki kwako hata senti. Ajenti anayekutafutia kazi hula asilimia yake kutoka kwenye malipo yako, ukishalipwa. Picha za kuanzia ni mbili, ya uso na ya mwili mzima, za simu, kando ya dirisha, bila filta. Hizo za 3,500 ni za harusi.

Leseni pia. Kupiga filamu Kenya kunataka leseni ya KFCB, bodi ya serikali ya filamu, na kampuni ya nje huiomba kupitia ajenti wa hapa aliyesajiliwa. Iulizwe ionekane, kabla ya fomu.

Kwa waliokwisha kutuma: ujumbe wa M-Pesa upelekwe 456 papo hapo. Kurejeshewa kunawezekana pesa ikiwa bado imo. Mwizi akishaitoa kwa wakala, hakuna kitu. Nendeni polisi mkachukue nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, msione haya. Na picha ya kitambulisho inanitia hofu kuliko hizo 7,500, kwa sababu inaweza kusajilia laini ya simu na laini ikakopewa. Bonyezeni *106# muone laini zilizo kwa jina lenu, mkiona msiyoijua iripotini.

Ndugu wa Lamu, juzi ameonekana Mokowe akingoja boti. Kapelo amevua, lakini stendi ya kamera ni ileile nyeusi, mguu mmoja umefungwa utepe wa buluu.