Vetmedin kwa mbwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo: uzoefu wangu, Moshi

Vetmedin haiponyi. Nalisema mapema kwa sababu bei yake inaweza kumfanya mtu ategemee miujiza. Tomi wangu ni chotara mdogo, mzee sasa. Vali ya moyo wake haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma, na maji yalishaanza kujaa mapafuni. Daktari wa mifugo alimwandikia vidonge hivi, ambavyo dawa iliyomo ni pimobendani, pamoja na Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, ileile wanayomeza wazee wetu.

Pimobendani huupa moyo nguvu ya kusukuma damu, na pia hutanua mishipa. Kikohozi cha usiku kimepungua na hamu ya kula imerudi. Bodaboda nazo ameanza tena kuzikimbiza, jambo lisilomfurahisha daktari hata kidogo.

Kidonge kina ladha ya nyama, Tomi anakitafuna mwenyewe. Anapewa kila baada ya saa 12, saa moja hivi kabla ya kula. Sisi tumechagua saa kumi na mbili asubuhi na jioni. Lasix ndiyo inayosumbua nyumba: anakunywa maji mengi na kukojoa kila mara. Usimnyime maji kwa kuogopa mikojo, na damu ipimwe kila daktari anaposema, maana figo nazo zinaguswa. Dagaa wa chumvi na mifupa ya nyama choma tumeachana navyo. Majirani wa hapa Rau nimewaomba wasimrushie kitu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni cha bure. Akilala fofofo, mwanangu anashika simu na kuhesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika. Chini ya 30, tunalala. Ikizidi na isishuke, tunampigia daktari usiku uleule, hatungoji aanze kuhema mdomo wazi.

Upatikanaji ndio kasoro. Maduka ya dawa za mifugo niliyozungukia mjini hayakuwa nayo, kwa hiyo daktari ananiagizia kutoka Nairobi, inakuja na basi la Namanga. Agiza kabla kopo halijaisha.

Nyota nne. Kama mbwa wako wa umbo dogo ameambiwa ana sauti isiyo ya kawaida moyoni, mpeleke apimwe kabla hajaanza kukohoa: utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa mbwa ambao moyo umeshatanuka lakini hawana dalili, wakipewa pimobendani, walipata takriban miezi 15 zaidi kabla ya moyo kushindwa. Tomi alianza akiwa ameshapita hapo.