8 Ball Pool: mkwaju ni wa haki, dau ndilo la kuangaliwa

Kampuni ya Miniclip ya Uswisi iliiweka 8 Ball Pool, mchezo wa pool wa kidijitali, kwenye tovuti yake mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaileta kwenye simu, ambako ndiko wengi wetu tulikoifahamu. Kuipakua ni bure, kuicheza ni bure, na mpinzani wako ni mtu mwingine aliyeshika simu yake popote alipo duniani.

Aliyezoea meza za baa atataka kwanza kujua kama mipira inakwenda kama mipira ya kweli, na jibu ni kwamba inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Unavuta alama ya fimbo iliyo upande wa kushoto wa kioo kuelekea chini, kisha unaiachia, na nguvu ya mkwaju hufuata umbali uliovuta. Juu upande wa kulia pana picha ndogo ya mpira mweupe. Ukiigusa, unachagua mahali pa kuugonga. Ukiugonga chini hurudi nyuma baada ya kugusa mpira uliolengwa, ukiugonga juu husonga mbele kuufuata, na ukiugonga ubavuni hutoka kwenye ukingo wa meza kwa pembe tofauti na ile uliyoingilia. Kwa shabaha ya karibu sana lipo gurudumu dogo la kusogeza fimbo kwa kiasi cha unywele, na mchezaji asiyelitumia hukosa mipira ya mbali bila kuelewa sababu.

Uzuri wa mchezo huonekana pale meza inapobaki na mipira michache. Tuseme umebakiwa na namba 3 iliyokaa mdomoni mwa tundu, na mpira mweusi, ule wa kuingizwa mwisho, umesimama katikati ya ukingo wa upande wa pili. Kuiingiza namba 3 ni kazi ya mtoto. Kazi yenyewe ni kuamua mpira mweupe usimame wapi baada ya hapo. Anayepiga kwa nguvu ili kufurahisha macho huuacha umebanwa ukutani, ilhali anayepiga taratibu, kwa mzunguko mdogo wa nyuma, hujiandalia mweusi kwa pembe ya wazi. Hesabu hiyo haiuzwi dukani, na ndiyo inayonifanya niupendekeze mchezo huu.

Vitu vingine, hata hivyo, vinauzwa. Kila fimbo ina sifa nne, yaani nguvu, shabaha, mzunguko na muda wa kufikiri, na sifa ya shabaha hurefusha mstari unaokuonyesha mpira utaelekea wapi. Hii ina maana kwamba mwenye fimbo bora huona mbali zaidi yako kabla hata hajapiga. Katika meza ya baa fimbo nzuri humsaidia mtu kupiga, lakini haimchorei njia. Hili naliona kuwa kasoro kubwa kuliko zote, ingawa mchezaji mwenye subira bado huwafunga wengi wenye fimbo za kifahari, kwa kuwa mstari mrefu haumfundishi mtu kupanga mkwaju unaofuata.

Kanuni nazo zitamsumbua kidogo mtu wa mitaani. Ukifanya faulo, mpinzani hapewi mikwaju miwili kama ilivyo katika baa nyingi, bali huuchukua mpira mweupe na kuuweka anapotaka. Adhabu hiyo ni kali, na mbele ya mchezaji mzuri mara nyingi huwa ndiyo mwisho wa mchezo.

Sasa dau. Kila meza imepewa jina la mji na ina kiingilio cha sarafu za mchezo, na mshindi huchukua zote. London kiingilio ni sarafu 50 na zawadi ni 100. Moscow ni 500 kwa 1,000. Tokyo ni 2,500 kwa 5,000. Na ngazi huendelea kupanda hadi kwenye meza za mamilioni ya sarafu. Sarafu hizo hazigeuki kuwa shilingi, lakini zikikuishia duka lipo tayari kukuuzia nyingine kwa shilingi zako. Anayepoteza Tokyo hujisikia kuzirudisha palepale, kwa dau kubwa zaidi, na hapo ndipo pool inapoanza kunuka kamari. Ushauri wangu ni kutoingia meza ambayo kiingilio chake kinazidi sehemu ya kumi ya akiba yako. London na Sydney zina wapinzani wa kutosha, tena baadhi yao ni hodari kweli.

Wazazi wafunge ununuzi kwa nywila kabla ya kumkabidhi mtoto simu, maana kitufe cha kununua hakiko mbali na kitufe cha kucheza. Matangazo ya video yanayotoa sarafu za bure hula bando kuliko mchezo wenyewe, kwa hiyo yaachwe kwa wenye intaneti ya nyumbani. Mtandao ukiyumba katikati ya zamu, saa haikusubiri: muda ukiisha, zamu inahamia kwa mpinzani. Kwa sababu hiyo nisingeshauri mtu aucheze ndani ya daladala, hasa akiwa ameweka dau linalomuuma.