Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: ipi uitafute kwanza, ipi uiache dukani

Swali linaloulizwa sana dukani ni "hii ni i7?", yaani daraja la juu la prosesa za Intel. Limewapotezea wengi pesa. i7-2600 ya mwaka 2011 ni i7, na i5-8500 ya mwaka 2018 inaiacha mbali. Ukiwa na pesa kidogo, uliza mambo matatu: boksi lina ukubwa gani, pawasaplai (kifaa cha kulisha umeme) ni ya wati ngapi, na prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Hayo ndiyo yanayoamua ni kadi gani ya picha itaingia humo, na kwa gemu nyingi kadi ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mnunuzi wa Kariakoo, wa Luthuli Avenue, au wa mji wowote ambako kompyuta nyingi ni za mtumba zilizotoka maofisini ng'ambo. Bei kwa shilingi hatuziandiki kwa sababu zinapanda na kushuka pamoja na dola na mzigo unaoingia. Badala yake tumezipanga mashine kwa thamani unayopata kwa kila shilingi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Orodhesha gemu kabla ya kutoka nyumbani

Anayecheza PES 2017, GTA San Andreas na GTA V bila intaneti ana uhuru mkubwa, maana hata mashine ya zamani yenye kadi ya wastani itamtosha. Anayetaka Valorant ana kizuizi kingine kabisa. Gemu yenyewe ni nyepesi, lakini kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka), na gemu nyingine za ushindani mtandaoni zimeanza kufuata njia hiyo hiyo. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na, kwa AMD, Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kwa hiyo kizazi cha 8 ndio mstari. Chini ya hapo unanunua mashine ambayo siku zake zinahesabika.

Kizazi kinasomwa kwenye namba yenyewe: i5-6500 ni cha 6, i5-7500 cha 7, i5-8500 cha 8. Usiamini stika iliyobandikwa nje ya boksi. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha soma jina la prosesa kwenye ukurasa wa utendaji.

1. Tawa la ofisi la kizazi cha 8 au 9, pamoja na kadi ya wati 75

Kwa wanunuzi wengi jibu linaishia hapa. Tafuta Dell OptiPlex 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, au Lenovo ThinkCentre M720t, yenye i5-8500 au i5-9500. Prosesa hizo mbili zina kori 6 (vitengo vya kuchakata). Sharti ni iwe tawa, yaani boksi pana la kusimama, siyo ile nyembamba. Tawa lina upana wa sentimita 15 hivi, nyembamba ina 9 hivi, na zote hutoka kwa jina moja la modeli. Muuzaji akisema "OptiPlex 7060" hajakwambia kitu bado. Omba picha ya upande, au nenda na rula.

Kwa nini wati 75? Sloti ndefu ya kadi kwenye ubao mama inaweza kutoa umeme hadi wati 75. Pawasaplai za Dell za matawa haya huwa karibu na wati 260, na mara nyingi hazina waya wa pini 6 wa kulisha kadi. Huwezi kuibadilisha kirahisi kwa pawasaplai ya kawaida, kwa sababu Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe kwenye ubao. Basi nunua kadi inayokula umeme wa sloti peke yake.

Kadi mbili zinafaa. GTX 1650 ya GB 4 ni ya mwaka 2019, na kwa mtumba ndiyo yenye uwiano mzuri wa bei na nguvu. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inatumia wati 70, ina nguvu zaidi, na inafaa ikiwa pesa inaruhusu. Lakini soma vizuri. RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine, ya wati 130, inayotaka waya wa umeme. GTX 1650 nazo zipo zenye tundu la pini 6, hasa za kumbukumbu ya GDDR6. Tazama ukingo wa juu wa kadi: ukiona tundu la umeme, irudishe.

Usidanganywe na adapta inayogeuza waya wa SATA kuwa pini 6. Plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba umeme huo. Inapata moto, plastiki inayeyuka, na wakati mwingine inaondoka na diski.

GTX 1050 Ti bado imejaa madukani na inafanya kazi, ila ni ya mwaka 2016, na Nvidia ilisitisha draiva (programu zinazoendesha kadi) mpya za gemu kwa familia yake mwezi Oktoba 2025. Nunua tu ikiwa bei iko chini sana ya GTX 1650. GT 710 na GT 730 usizihesabu kuwa kadi za gemu. GT 1030 ipo ya aina mbili, GDDR5 na DDR4, na ile ya DDR4 ni dhaifu mno kwa jina lilelile. Tunaitaja kwa sababu ndiyo inayosukumwa sana kwa mnunuzi asiyejua.

Mgawo wa pesa, ukiacha skrini: tawa lichukue kama nusu, kadi theluthi, na kinachobaki kiende kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi) na SSD (diski ya kasi). RAM iwe GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8. Kipande kimoja cha GB 16 kinafanya prosesa isome kumbukumbu kwa njia moja tu, na fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinashuka. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025, kwa hiyo tawa linalouzwa tayari na GB 16 lina thamani kuliko linavyoonekana. SSD iwe ya GB 480 au zaidi. GTA V pamoja na sehemu yake ya mtandaoni inapita GB 100, na SSD ya GB 240 itakufanya ufute gemu moja ili uweke nyingine kila wiki.

Kufunga kadi hakuhitaji fundi. Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu, toa kibati cha nyuma kinachokabili sloti ndefu, sukuma kadi hadi kilimi cha sloti kilie "tik", na funga. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi. Wengi huurudisha kwenye tundu la ubao mama, kisha wanalalamika kwamba kadi haina nguvu, kumbe gemu inachezeshwa na picha ya Intel iliyo ndani ya prosesa. Weka draiva kutoka kwenye tovuti ya Nvidia, siyo kutoka kwenye flashi ya dukani.

Ukiwa umeshafungua, badilisha pia mafuta ya joto ya prosesa. Mashine ya ofisi ya mwaka 2018 ina mafuta yaliyokauka. Pangusa kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya maharage madogo, rudisha feni. Kwa joto la Dar, Mombasa au Tanga kazi hii ya dakika ishirini inaweza kushusha joto la prosesa kwa nyuzi kadhaa.

2. Ryzen 5 5600G bila kadi, ikiwa unaweza kusubiri

Chaguo hili ni la anayetaka kuanza na vifaa vipya na kuongeza kadi mwakani. 5600G ni prosesa ya AMD yenye kori 6, thredi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), na kitengo cha picha cha Vega 7 ndani yake. Valorant inakwenda vizuri, na GTA V kwa mipangilio ya kati pia. Gemu nzito mpya zitakulazimu ushushe skrini hadi 720p.

Hapa RAM ndiyo roho ya mashine, kwa sababu picha ya ndani haina kumbukumbu yake na inakopa kwenye RAM. Vipande viwili vya GB 8 vya 3200 ni lazima, na lazima uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya ubao mama, la sivyo vitakwenda kwa kasi ndogo. Ukinunua ubao wa B450, muulize muuzaji kama BIOS imeshasasishwa. Ambayo haijasasishwa haitaitambua prosesa hii, utapata skrini nyeusi na kudhani kifaa kimekufa. B550 na A520 zina nafasi nzuri zaidi ya kuwa tayari. Pawasaplai iwe ya wati 450 hadi 550 na ya kampuni inayojulikana. Ile nyepesi mkononi kama boksi tupu, iliyoandikwa wati 600, usiifunge kwenye ubao ulioutolea pesa.

3. Laptopu ya gemu ya mtumba

Kwa pesa ileile laptopu inakupa nguvu ndogo kuliko tawa, ila ina skrini na betri, na anayeishi hosteli au anayehama hama hana njia nyingine. Tafuta Acer Nitro 5, HP Victus, Dell G3 au Lenovo IdeaPad Gaming 3 yenye GTX 1650 au RTX 3050.

Chaja iwe yake halisi, na soma wati zake. Laptopu za kundi hili nyingi hutaka wati 135 na kuendelea. Ukipewa ya wati 65, betri itaisha huku imechomekwa na gemu itaanza kukwama baada ya dakika chache. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Fungua na kufunga skrini mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Kisha iendeshe gemu nzito dakika 20 mfululizo. Fremu zikianza 60 na kuangukia 30, imejaa vumbi au mafuta yamekauka. Hilo linatibika, lakini lipunguze bei.

4. Mashine za kazi nzito kama HP Z440

Hizi zina mvuto wa kweli. Prosesa yake ya Xeon E5-1650 v3 ina kori 6 na thredi 12, na pawasaplai yake ya wati 700 inabeba kadi kubwa kama RX 6600 au GTX 1660 Super kupitia adapta nzuri ya pini 8. Zipo pia za wati 525, hivyo soma lebo. Tumeziweka nafasi ya nne kwa sababu moja: prosesa hizi hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kwa gemu za bila mtandao ni ununuzi mzuri sana. Kwa mchezaji wa Valorant siyo.

Z420 iache. Prosesa zake hazina AVX2 (kundi la maelekezo ya hesabu ndani ya prosesa), na zipo gemu mpya zinazokataa kufunguka bila hiyo.

5. Ofisi nyembamba

Ikiwa umeshapewa au unayo nyumbani, inatumika. Kadi lazima iwe fupi, yenye kibati kifupi. GTX 1650 fupi zipo. RX 6400 inauzwa kama suluhisho la mashine hizi, lakini inatumia njia nne tu za PCIe (sloti inayounganisha kadi na ubao mama), na kwenye ubao wa PCIe 3.0, ambao ndio ulio kwenye mashine hizi, inapoteza sehemu ya nguvu yake. Kuinunua nyembamba kwa makusudi wakati tawa lipo hatushauri.

Vipimo vya dukani kabla ya kutoa pesa

Ingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, ondoka. Mashine iliyotoka kampuni ikiwa imefungwa hutaweza kuwasha Secure Boot. Ukirudi Windows, andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafuta uone kama inasema 2.0. Endesha programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya diski.

Kadi za mtumba zinaghushiwa. Chipu ya zamani hubadilishiwa programu ya ndani ili ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya GPU-Z mpya huandika neno FAKE mbele ya jina. Dalili ya macho ni tundu la VGA, ambalo GTX 1050 Ti halisi kwa kawaida haina. Ikipita hapo, iendeshe kwa FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, dakika 15: vijisanduku vya rangi kwenye picha au kuzima ghafla ni kadi iliyochoka.

Ukifika nyumbani ukakuta Secure Boot haiwaki ingawa mashine inaikubali, huenda Windows iliwekwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski. Hifadhi mafaili yako kwanza, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS, kisha rudi BIOS ubadilishe njia ya kuwasha kutoka Legacy (ya zamani) kwenda UEFI (mpya).

Tenga pia pesa ya UPS ya 650VA, yaani betri ya akiba ya umeme. Tawa la namba moja hapo juu halifiki wati 250 likiwa kazini, kwa hiyo UPS hiyo inatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji wa BIOS, ubao unaweza kufa, na umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua pawasaplai nyingi. Kama pesa ya UPS haipo mwezi huu, nunua kilinda umeme kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kurudi, kama kile cha friji, na usisasishe BIOS mpaka UPS ipatikane.