Nililipia Mchezo, Nikakemewa kwa Kucheka

Si desturi yangu kulalamika hadharani kuhusu mahali pa burudani, lakini yaliyonipata wiki kadhaa zilizopita katika chumba kimoja cha michezo ya mezani, kando ya Barabara ya Ngong, bado yamenikaa rohoni. Nilikuwa nimelipia mchana mzima wa kufundishwa Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya visanamu katika siku za mbali zijazo, pamoja na mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa sekondari anayenisimulia vita vya milenia ya 41 kana kwamba vinapiganwa mtaa wa pili.

Niwatendee haki kabla hasira haijanipanda: visanamu vilipakwa rangi kwa ustadi na chai ilikuwa ya moto.

Mimi sikuvutiwa na dadu wala kanuni, bali na jinsi ulimwengu ule wa giza ulivyoshonwa kwa viraka tunavyovijua. Ndani ya matatu, kijana alinitajia askari wa msituni aitwaye Sly Marbo, akaniambia nizipange upya herufi za jina la pili. Nilipompata Rambo, nikakumbuka pia kwamba Sly ni jina la utani la Sylvester Stallone, nilicheka hadi kondakta akageuka kunitazama. Akaongeza kwamba katika kitabu cha kwanza cha mchezo huo, cha mwaka 1987, mmoja wa wachunguzi wa kutisha wanaowasaka wazushi anaitwa Obiwan Sherlock Clousseau, yaani mpiganaji wa sinema za anga za mbali, mpelelezi wa London na yule inspekta wa Kifaransa asiyefanya jambo likanyooka, wote ndani ya joho moja. Kisha wako Orks, majitu ya kijani yanayozungumza kama wahuni wa viwanja vya mpira vya Uingereza, ambayo huamini kwamba gari jekundu hukimbia zaidi, na kwa kuwa yanaamini kwa pamoja, basi linakimbia kweli. Matatu tuliyopanda ilikuwa nyekundu, na dereva wake bila shaka alikuwa wa madhehebu hayo.

Nilifika, basi, nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa kitendawili na nusu ya jibu.

Mhudumu, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliniwekea mbele shujaa mwenye deraya ya kijani iliyokolea, akasema ni wa kikosi cha Dark Angels, na kwamba kiongozi wao ni Lion El'Jonson. Nimefundisha fasihi miaka mingi. Nilimwambia papo hapo kwamba Lionel Johnson ni mshairi Mwingereza aliyefariki mwaka 1902, na kwamba shairi lake mashuhuri linamhusu huyo huyo malaika wa giza, na nikacheka kwa kupendezwa. Aliweka chini futi ya kupimia. “Dada,” akasema, bila kuniangalia, “hapa hatuigi mashairi ya mtu. Kama umekuja kucheka, vichekesho viko kwenye runinga.” Kisha akanigeuzia mgongo, akaendelea kumfundisha kijana peke yake, nami nikabaki kurusha dadu ninapoamriwa, kama mtoto aliyeitwa kushika kurunzi fundi akitengeneza bomba. Mtoto wa watu alitazama viatu vyake. “Shangazi, twende tu,” alininong'oneza, lakini pesa ilikuwa imekwisha kulipwa.

Kinachoniudhi ni kwamba kampuni yenyewe inayotengeneza mchezo huo, Games Workshop, ilitangaza mwaka 2021 kwamba dola ya wanadamu iliyomo ndani ya mchezo huo ni kejeli. Mtawala wao ameketi kwenye kiti cha dhahabu kwa zaidi ya miaka 10,000, si hai si maiti, na anaabudiwa na watu wale wale aliowakataza kuabudu miungu yoyote. Ukiuuza ulimwengu kama huo huku umekunja uso, ukamkemea mteja aliyeelewa mzaha, umejiunga na makuhani wake bila kujua. Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota moja, na hiyo kwa ajili ya chai.

Lakini niseme kweli, maana nimelilalia jambo hili. Mimi mwenyewe nimewahi kumtoa mwanafunzi darasani kwa kucheka katikati ya tanzia, na baadaye nikagundua kwamba mstari ule ulikuwa wa kuchekesha. Huenda mhudumu yule alipaka visanamu vile kwa mikono yake, usiku baada ya usiku, na mimi nikaingia nikitaja washairi marehemu. Adabu hakuwa nayo. Mapenzi alikuwa nayo. Ziwe nyota mbili, au tatu akiomba radhi.

Mtoto wa kaka yangu ameomba turudi Jumamosi, nami nimelipa. Nimeuliza kwa simu kama naweza kuongoza Orks, nikaambiwa naweza, mradi nije na gari langu. Limekauka dirishani tangu jana, jekundu kabisa.